Mwanasesere wa Kabati la Kioo

Wahenga walinena kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kujaza maarifa kichwani hadi yakafurika, lakini ikiwa mikono yake haijui kuyatumia, amebeba sega tupu. Wapo wanaoisifu methali hii asubuhi na kuivunja mchana. Mmoja wao alikuwa Mkuu wa chuo cha wauguzi na wakunga, ambaye aliiandika kwa wino mwekundu juu ya mlango wa ofisi yake.

Katika maktaba ya chuo hicho, mkabala na rafu za magonjwa ya watoto, palikuwa na kabati la kioo lenye kufuli. Ndani yake alilala mwanasesere wa mafunzo, ukubwa wake sawa na kichanga wa siku moja, bado yumo kwenye nailoni yake. Boksi lilieleza kwamba kifua chake huinuka pale tu mtu anapomlaza kichwa sawasawa, akambana barakoa usoni na kuminya kifuko cha hewa. Hakuna aliyewahi kukiona kikiinuka. Mkuu alitoa amri asiguswe hadi wakaguzi wapite wamkute mpya, na wakaguzi walikuwa wakingojwa mwaka wa tatu sasa.

Ufunguo alikuwa nao mkutubi, mwanamke aliyebatizwa na wanafunzi jina la Mama Kimya kwa sababu neno hilo ndilo alilolisema kuliko yote. Alibakiza miaka miwili astaafu, na hakutaka ugomvi na mtu.

Siku moja aliingia Kasuku, mwanafunzi aliyepewa jina hilo kwa umahiri wa kukariri. Alitoka wodi ya wazazi, macho yamemwiva kwa kulia.

"Mama, naomba kitabu kingine cha kumsaidia mtoto asiyepumua."

"Kingine? Si umevimaliza vyote?"

"Leo amezaliwa mmoja, hakulia. Hatua nazijua, Mama, nilikuwa nazitaja moja moja kwa sauti! Mikono ikakataa. Mkunga akanisukuma pembeni, akamwokoa yeye. Angechelewa kidogo tu, tungemkosa."

Mama Kimya aliligeukia kabati. Hasira ilimpanda, hasira ya miaka mitatu ya kupangusa vumbi kwenye kile kioo.

"Kitabu chenyewe hiki hapa," alisema, akafungua kufuli na kuipasua ile nailoni kwa meno.

Kwa kuwa kazi aliyoijua ni ya maktaba, alimfanya mwanasesere kama kitabu: akambandika namba mgongoni na kumtengenezea kadi ya kuazima, siku tatu kwa kila mtu. Naye si mkunga, hivyo alimwomba yule mkunga wa wodini aje kila Jumatano kuwasahihisha wanafunzi. Baada ya miezi miwili kadi ya kwanza ilijaa majina pande zote mbili, na mwanasesere alichubuka paji la uso. Kasuku peke yake alimwazima mara tano.

Mkuu alipomkuta Kasuku na mwanasesere kwenye benchi la nje ya bweni, alikuja juu kama moto wa kifuu. Barua ya kumwachisha kazi Mama Kimya iliandikwa siku hiyo hiyo. Ilisubiri tu sahihi ya mwenyekiti wa bodi, na Mama Kimya akaitwa mbele ya bodi aje na mwanasesere na vifaa vyake, Kasuku akiwa shahidi.

"Umeharibu mali ya chuo," Mkuu alisema. "Nani alikutuma? Wewe umesomea vitabu, mama. Ya vichanga yanakuhusu nini?"

Mama Kimya alipiga hatua mbele.

"Nimesomea kuwapa watu kitu cha kujifunzia. Kitu chenyewe ndicho hiki. Nifukuzeni mkitaka, lakini mimi simfungii tena!" Akamlaza mwanasesere mezani, mbele ya Mkuu. "Kitini cha somo hili umekiandika wewe, Mkuu. Haya, mtoto hapumui. Una dakika moja."

Wajumbe wote walimtazama Mkuu. Alicheka kidogo, akachukua barakoa. Alikipinda kichwa cha mwanasesere nyuma mno, akaminya kifuko. Kifua hakikuinuka. Akaminya kwa nguvu zaidi, na hewa ikachoropoka pembeni mwa barakoa kwa mlio wa aibu.

"Dakika imekwisha," alisema mwenyekiti, jicho kwenye saa yake.

Kasuku aliinuka bila kuombwa. Hakutaja hatua hata moja. Alikiweka kichwa sawa, akaibana barakoa kwa vidole, akaminya taratibu. Kifua kikapanda, kikashuka, kikapanda tena. Mwenyekiti aliikunja ile barua mara nne, akaitia mfukoni bila sahihi.

Kesho yake asubuhi, wa kwanza kusimama mbele ya meza ya mkutubi alikuwa Mkuu.

"Naomba kadi," alisema kwa sauti ya chini.

"Siku tatu, Mkuu, kama wenzako. Na kuna foleni nyuma yako. Ukichelewa kumrudisha, hupewi tena."

Mkuu aliandika jina lake kwenye kadi mpya, chini ya la Kasuku, akatoka amempakata mwanasesere mbele ya wanafunzi wote, akaelekea kwenye ule mlango wenye wino mwekundu. Mama Kimya alilichukua kufuli la kabati akaliweka juu ya makaratasi yake, yasipeperushwe na feni. Hakika, elimu bila amali ni kama nta bila asali.