Kuni za Nyumba ya Namkunda

Jina la mzaha ni ukuni mkavu. Nimewakemea kwa msemo huo kwa sababu mlikuwa mnamcheka Mzee Mshana, eti anawasalimia kuku wake kabla ya kuwafungulia, na mmoja wenu akasema, "Yule hamnazo." Sasa mnaniuliza msemo umetoka wapi. Haya, endeleeni kupukuchua mahindi, mikono haina masikio. Methali hii ilianza hivi, na msitarajie kucheka.

Zamani, milimani huko Upareni, palikuwa na kijiji cha wafinyanzi kilichoitwa Mlembea. Kila nyumba ilifinyanga vyungu vyake, lakini moto wa kuvichomea ulikuwa mmoja. Siku ya kuchoma, kila nyumba ilileta ukuni, na aliyeuweka alitaja nyumba yake kwa sauti: "Huu wa nyumba ya Mrutu." "Huu wa nyumba ya Kiangi." Ukuni haukuwekwa kimya hata siku moja. Waliamini kwamba moto usiojulikana wenyewe huvunja vyungu. Kaa la kuuwashia lilitoka kwa mtu mmoja tu, Bibi Nakijwa, mwenye moto wa kijiji.

Katika kijiji hicho aliishi mjane aliyeitwa Namkunda. Alikuwa na tabia yake. Akitoka nyumbani kwa mtu, hakugeuka akampa mwenyeji mgongo. Alirudi kinyumenyume mpaka nje ya ua, akiaga kila alichokitumia: "Kigoda, ahsante. Jiko, baki salama." Kwa nini? Hakuna aliyejua, na mimi sijui. Wako watu hawapati usingizi bila kugeuza mto. Yeye alikuwa na hilo.

Mwanzoni watu walisema, "Namkunda ana yake." Hilo ni neno la upole, kwa maana kila mtu ana yake. Kisha jirani yake, Mama Senzia, mwanamke mcheshi aliyependa kusikilizwa, akampa jina: Kinyumenyume. Watu walicheka mpaka machozi. Namkunda naye alicheka. Angefanya nini? Watoto wakalidaka jina, wakalizungusha kijiji kizima.

Lakini jina likishatoka mdomoni halirudi kulala kwa mwenyewe. Kisimani wakaanza kumwita kituko. Kituko si kibaya sana, unaweza kukaa naye mkala sahani moja. Kilabuni akawa kioja, na kioja hutazamwa kwa mbali. Baadaye mtu akasema ni mwehu, na tangu hapo kina mama wakawa wanaita watoto ndani akipita. Na Namkunda hakuwa ameongeza hata jambo moja jipya. Alikuwa yuleyule na vigoda vyake.

Mwaka mmoja masika yakagoma kuisha. Udongo haukukauka vizuri, na vyungu vikapasuka vyote motoni. Wakafinyanga upya, wakachoma, vikapasuka tena. Hakukuwa na cha kupeleka gulioni kubadilisha na mahindi. Katika njaa hiyo mtoto wa Mrutu akashikwa na homa, akafa. Hofu ikaingia Mlembea. Watu walikuwa wanaogopa hata kuulizana hali. Ndipo asubuhi moja mtu mmoja akakumbuka kwamba siku ya kuchoma, Namkunda aliondoka motoni kinyumenyume. Ilipofika adhuhuri, neno lilikuwa mchawi.

Alasiri ile Namkunda alikuwa ndani akikanda udongo. Akasikia mlango unafungwa kwa kamba kutoka nje. Kisha akasikia kitu kinaegemezwa ukutani, ko, na sauti anayoifahamu ikasema, "Huu wa nyumba ya Mrutu." Ko. "Huu wa nyumba ya Kiangi." Hapo akaelewa. Mikono yake ilikuwa imejaa udongo na haikuweza hata kufunika masikio. Aliwatambua wote kwa sauti. Wengine alikuwa amewapokea watoto wao siku waliyozaliwa.

Kuni zilipozunguka nyumba, wakamwita Bibi Nakijwa. Alikuja na kaa lake ndani ya kigae. Alijua kwamba akikataa, wangeweza kumtia humo ndani.

"Moto nitautoa," akasema. "Lakini ukuni hauwekwi kimya. Mmetaja nyumba zenu. Sasa kila mtu ataje na alichokiona. Mrutu, mwanangu, pole kwa msiba. Wewe umeona nini?"

"Mimi, Bibi? Kiangi ameniambia ni mchawi."

"Kiangi?"

"Mchawi sikusema mimi! Nilisema si mtu wa kawaida. Mke wangu ndiye aliyesema ni mwehu."

"Nami nilisikia kisimani," mkewe akasema upesi. "Walisema ni kituko. Nikaona kituko na mwehu si mbali."

"Kisimani nani alisema?"

Macho yakaanza kumgeukia Mama Senzia, mmoja baada ya mwingine. Alikuwa bado ameushika ukuni wake kifuani.

"Mimi nilimwita Kinyumenyume tu," akasema. "Ulikuwa mzaha, Bibi. Hata yeye alicheka."

"Basi wa kwako ndio uliotangulia kuwekwa," Bibi Nakijwa akasema. "Kuni za wenzako ni mbichi, Mama Senzia. Jina la mzaha ni ukuni mkavu."

Akainama, akalifukia kaa kwenye matope. Hakuna aliyemzuia. Mrutu alikaa chini akalia kwa ajili ya mwanawe, kilio alichokuwa hajakilia. Kiangi akafungua kamba.

Namkunda akatoka, hakubeba kitu. Akarudi kinyumenyume, akiiaga nyumba yake mwenyewe kama desturi yake. "Mlango, ahsante. Kigoda, ahsante. Jiko, baki salama." Alipofika kwenye kuni, akasimama. "Na nyinyi kuni," akasema, "ahsanteni kwa kutowaka."

"Namkunda," Mama Senzia akaita, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kumwita kwa jina lake. "Rudi ndani, mwenzangu. Yamekwisha."

Watu hakuwaaga. Alizidi kurudi nyuma, uso wake ukiwatazama, mpaka njia ilipopinda mlimani. Hakuonekana tena Mlembea.

Zile kuni zilioza palepale ukutani. Mvua ilizinyea, mchwa wakazila, na hata siku za baridi kali hakuna aliyethubutu kuuchukua wake. Kila mtu alikuwa ameutaja mbele ya wenzake.

Mbona mmeacha kupukuchua? Mzee Mshana huyo anapita na kuku wake. Msalimieni, na mmwite Mzee Mshana. Jina la mzaha ni ukuni mkavu.