Pima Mia Nne za Nakijwa

Hapo zamani, wakati mabonde ya Upare yalipimwa kwa mikono ya watu na si kwa kamba za wageni, palikuwa na kijiji mlimani kisichokuwa na maji. Chemchemi ilikuwapo, ila ng'ambo ya msitu, na njia ya kuiendea ilipita genge baya lenye mawe yanayoteleza. Wanawake walikwenda, wakarudi, wakaenda tena. Siku moja msichana mmoja, Nambike, hakurudi. Walimkuta chini ya genge, mtungi umevunjika.

Mama yake aliitwa Nakijwa. Nambike alikuwa mwanawe wa pekee, na kwa miaka kumi na mmoja hakuna aliyemwita mama huyo kwa jina lake mwenyewe. Aliitwa Mama Nambike sokoni, shambani na msibani. Baada ya mazishi watu wakaona haya kulitamka jina la marehemu mbele yake. Wakaanza kumwita Nakijwa, kama alivyoitwa kabla ya kuolewa. Walidhani wanampunguzia uchungu. Kumbe walikuwa wakimzika mtoto mara ya pili, na jambo hilo lilimuuma kuliko lile la kwanza.

Sasa, kule mlimani kulikuwa na desturi. Atakayeleta maji kijijini, bwawa la kuyakusanya, yaani ndiva, litaitwa kwa jina atakalolitaja yeye, na litaitwa hivyo kizazi hata kizazi. Yeye na uzao wake watashika kizibo, lile gogo la kuzibia tundu la ndiva, na shamba lao litanyweshwa kwanza. Ndiva moja, jina moja, mkono mmoja. Zamani ndiva moja ilipewa mikono miwili, ndugu wakakatana mapanga kwenye ukingo wake. Tangu hapo hawakurudia.

Nakijwa akataka jina moja tu. Ndiva Nambike.

Akamwendea Senkondo, mrina asali aliyeujua msitu kuliko yeyote. Alikuwa mtu mrefu kupita kiasi, mikono imemfika karibu na magoti. Nakijwa akamwuliza kama mfereji unaweza kupita kutoka kijijini hadi chemchemini. Senkondo akaingia msituni na kibuyu cha maji cha kupimia ulalo wa ardhi. Akachomeka vijiti, akapima kwa kutanua mikono, kama ilivyo desturi, akarudi siku ya sita.

"Pima mia nne," akasema. "Fuata vijiti vyangu, maji yatashuka yenyewe."

Wiki iliyofuata Senkondo akaanguka kutoka kwenye mti wenye mzinga. Mgongo ukaharibika, hakuweza tena kuinamia jembe.

Nakijwa akasimama mbele ya watu, akatangaza kwamba atachimba kila siku pima moja, na siku ya mia nne watakunywa. Watu wakacheka, na aliyecheka zaidi ni wifi yake, Namkunda, dada wa marehemu mumewe. Alisema mama huyu amepoteza mtoto na sasa anapoteza akili. Wakakataa kuitisha msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, kwa ajili ya ndoto ya mtu mmoja.

Basi Nakijwa akachimba. Aliamka, akachukua jembe na mtaimbo, akachimba pima moja, akatanua mikono kuhakiki, akafunga fundo katika kamba ya mgomba, akarudi. Kesho yake akaamka, akachimba pima moja, akatanua mikono, akafunga fundo, akarudi. Alipougua siku moja, kesho yake alichimba pima mbili. Hakutazama mbele hata kidogo. Alijiambia kila asubuhi, "Leo ni pima moja tu," na pima moja haimshindi mtu.

Mafundo yakawa mia. Yakawa mia mbili. Yalipofika mia tatu na themanini, macho yake yalimwambia kwamba msitu bado ni mnene na chemchemi haisikiki. Aliyapuuza macho, akaiamini kamba.

Fundo la mia nne alilifunga mchana. Akatega sikio. Kimya. Akatembea mbele akifuata vijiti, hatua kwa hatua, na vijiti havikuisha.

Ndipo akajitazama mikono. Nakijwa alikuwa mfupi. Senkondo alipima kwa mikono yake mirefu, naye Nakijwa akachimba kwa mikono yake mifupi, na katika siku zote mia nne hakuna kati yao aliyelifikiria hilo.

Alirudi nyumbani, akalala. Waliokuja kumwinua aliwaambia kwamba aliahidi pima mia nne na amechimba pima mia nne, hana nyingine ndani yake. Siku ishirini hakutoka nje, na mfereji ukaanza kujaa majani.

Siku ya ishirini na moja Namkunda aliwaona binti zake wawili wakijitwika mitungi kuelekea gengeni. Akaenda hadi mfereji ulipokomea, akauokota mtaimbo wa wifi yake penye majani, akaanza. Hakuhesabu, hakufunga fundo, hakuahidi siku. Alichimba akichoka, akapumzika, akachimba. Mwezi ukaisha, wa pili ukaisha, na mchana mmoja wa mwezi wa tatu mtaimbo ukapasua udongo wa mwisho. Maji yakashuka.

Nakijwa alisikia kelele, akatoka. Aliyaona maji yakipita mbele ya mlango wake, akakaa chini, akalia kwa sauti.

Msaragambo ukaitishwa upesi sasa, si mnajua watu walivyo. Ndiva ikachimbwa kwa siku tatu, kizibo kikachongwa, na watu wakaketi ukingoni kuamua kizibo apewe nani.

Senkondo akaletwa akishikiliwa mabega. Akasema, "Mnasema penye nia pana njia. Njia hiyo nani aliiona? Mimi. Namba niliyompa Nakijwa ndiyo iliyokuwa ikimwamsha kila siku. Sina mtoto, na mgongo wangu mnauona. Jina langu litabaki wapi kama si hapa?"

Nakijwa akasema, "Nilichimba mia nne mkinicheka. Sitaki maji ya kwanza, sitaki shamba. Nataka mtoto wangu atajwe."

Namkunda akasema, "Wifi, mimi nilikucheka, na ninaona aibu. Lakini mfereji usiofika ni handaki. Wewe unataka kizibo kwa ajili ya aliyekufa. Mimi nina wawili walio hai, na shamba lao liko mwisho wa mteremko. Maji ya zamu ya mwisho hayatalifikia."

Mwanamke mmoja mzee akaomba kuwauliza. Akamwuliza Senkondo kama hakujua kwamba mikono haifanani. Senkondo akajibu kwamba alijua, kila mtu anajua, ila hakufikiria.

Akamwuliza Nakijwa, "Senkondo angekwambia kwamba mfereji wote ni pima mia tano na ishirini za mikono yako, ungeanza?"

Nakijwa angeweza kudanganya, na hakuna ambaye angejua.

"Nisingeanza," akasema.

"Na kama wifi yako asingeuokota mtaimbo, ungeinuka?"

"Sijui, mama."

Yule mzee akamgeukia Namkunda. Akamwuliza kama angechimba hata pima moja, endapo asingezikuta mia nne zimekwisha kuchimbwa. Namkunda akainamisha kichwa, akasema hapana, hata moja.

Watu wakatazamana. Kila mmoja kati ya wale watatu amesema kweli, na kila mmoja kweli yake imempunguzia haki. Na ndiva nayo ilikuwa inajaa, maana maji hayangojei baraza.

Haya, ninyi mlionisikiliza. Msiniambie wagawane, desturi mmeisikia, na damu ya wale ndugu mmeisikia. Maji yamefika ukingoni, yasipofunguliwa sasa yatabomoa kila kitu. Kizibo kiko mkononi mwenu. Mtampa yule aliyeiona njia akaipima vibaya, au yule aliyeichimba akaishia msituni, au yule aliyeimaliza bila kuianza?

Mtampa nani?