Shangazi Aliyepanda Mizani

Mizani haina shangazi.

Mbwana, mjukuu wangu, amepewa maneno hayo leo asubuhi na mkaguzi wa mtihani wa udereva, akarudi nayo nyumbani amenuna. Alikuwa amemweleza mkaguzi kwamba wao ni watu wa ukoo mmoja. Mkaguzi akamsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwa methali hiyo, kisha akamwandikia kwamba amefeli. Sasa yeye na dada zake wamenizunguka jikoni, wanataka kujua ni nani aliyetunga neno kavu kiasi hicho. Kaeni basi, na mmoja wenu amenye vitunguu huku anasikiliza. Chanzo chake nakijua kuliko mtu yeyote hapa Tanga, kwa sababu shangazi huyo ni mimi.

Mjomba wenu Hiza mnamjua akiwa na kitambi, lakini enzi zake alikuwa mpiganaji wa kulipwa. Mchezo wao haukuwa ngumi peke yake. Ulichanganya ngumi, mateke, mieleka na kabali, na wapiganaji walifungiwa ndani ya uzio wa waya kama kuku. Kwa miaka sita alipigana kwenye kumbi ndogondogo za Dar es Salaam, na mchana akichomelea mageti ili apate kula. Hatimaye akapata pambano la mkanda, likapangwa lifanyike hapa hapa Tanga. Akishinda angeachana na mageti. Sharti lilikuwa moja: siku moja kabla ya pambano apime kilo sitini na sita, isizidi hata gramu. Ikizidi, nafasi yake angepewa mpiganaji wa akiba, ambaye alikuwa ameshafika mjini na begi lake.

Hiza alikuja siku tatu kabla ya kupima. Kocha wake, mtu wa Mbeya aitwaye Nzowa, alitaka wote wawili walale gesti. Nikamwambia kwamba mtoto wa kaka yangu hawezi kulala gesti katika mji ambao mimi nina nyumba, labda niwe nimeshazikwa. Kocha akanitazama, akautazama mlango wa jikoni, akakubali kwa shingo upande.

Nilipoyaona mashavu ya Hiza yalivyobonyea, nilitaka kumpeleka hospitali. Akanieleza habari za kilo, nami nikaitikia kila kitu. Na kweli sikumpikia hata mlo mmoja, naapa. Nilimwonjesha tu. Kwetu mpishi haamini ulimi wake peke yake. Mgeni akiwepo hupewa kijiko aseme kama chumvi imekolea, na kuonja si kula. Basi asubuhi alionja supu ya pweza, ambayo ni maji. Mchana alionja bada, ugali wetu wa muhogo, kwa samaki wa nazi, na bada haionjwi kwa tonge moja, maana tonge la kwanza ni la kuuzoesha mdomo. Majirani nao wakaleta mabakuli yao, kwa kuwa mgeni akifika huwa wa mtaa mzima.

Hiza alikuwa akisema, "Shangazi, imetosha."

Nami namjibu, "Nimekuuliza habari ya chumvi, sijakuuliza habari ya kutosha."

Shangazi ni baba, na mtoto aliyelelewa vizuri hamkatalii baba yake. Akaonja siku tatu mfululizo. Mimi naitwa Saumu, lakini nyumba yangu haijapata kufunga nje ya Ramadhani.

Siku ya kupima nilivaa vitenge vyangu vya harusini nikaenda naye ukumbini. Watu walijaa. Jukwaani palikuwa na mizani, na aliyeisimamia alikuwa Mhina, mtoto wa binamu yangu. Mhina huyu ananiita shangazi, na utotoni alikula kwangu miaka mitatu. Nilipomwona moyo wangu ulitulia. Nikajua tuko nyumbani.

Hiza alivua nguo akabaki na chupi, akanipa mimi nizishike, akapanda. Alikuwa na nywele ndefu alizozifunga nyuma, ameweka nadhiri ya kutozikata mpaka avae mkanda. Mhina aliinama akasoma, akasoma tena.

"Kilo sitini na sita na gramu mia tisa," akasema.

Kocha Nzowa alifumba macho. Mpiganaji wa akiba akalifungua begi lake. Mimi nikapanda jukwaani.

"Shikamoo, shangazi," Mhina akasema.

"Marahaba, baba. Hii mizani yako mbovu."

"Imekaguliwa jana, shangazi."

"Basi imeharibika usiku. Sogea niipime mimi."

Nikavua viatu nikapanda. Wiki ile ile nilikuwa nimetoka kupima kliniki, kwa hiyo kilo zangu nilikuwa nazijua, na nilikuwa na hakika kwamba chombo kile kingesema uongo mbele ya watu. Mtangazaji, kijana asiye na adabu aliyekuwa na kipaza sauti, akachungulia namba. "Kilo tisini na nne kamili," akatangaza, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Zilikuwa ni zile zile za kliniki. Nikashuka taratibu na viatu vyangu mkononi.

Ilibaki njia moja. Nikamsogelea Mhina, nikashusha sauti, ila sikujua kwamba yule kijana alikuwa nyuma yangu na kipaza sauti chake.

"Mhina, mwanangu. Mimi nimekuogesha. Surua ilipokushika nililala sakafuni miguuni pako. Gramu mia tisa ni nini kati yangu na wewe? Andika sitini na sita."

Mhina alivua miwani yake. Macho yake yalikuwa na maji, nami nikadhani nimeshinda.

"Shangazi," akasema, "mimi ninaye shangazi, na siwezi kumlipa kwa aliyonifanyia. Mizani ndiyo haina."

Ukumbi ukaangua kicheko. Maneno hayo yalifika sokoni kabla yangu, na kesho yake wauza samaki walikuwa wakiambiana.

Lakini mimi sikucheka. Kanuni ilimpa Hiza saa moja tu apime tena. Kocha Nzowa alimshika bega akamuuliza, "Umekula nini?" Na mtoto yule, miaka yake sita ikimponyoka mbele ya macho yake, hakunitazama hata kidogo. Akajibu, "Ni mimi mwenyewe, kocha. Sikujizuia." Hapo ndipo nilipoona aibu. Ya kilo tisini na nne ilikuwa ya kuchekesha, hii iliniuma. Hata hapo alikuwa anailinda heshima yangu.

"Mwongo," nikasema. "Ni mimi niliyemlisha. Nimeita kuonja, lakini nilimlisha. Sasa kocha, unataka kulia au unataka jasho? Kama unataka jasho, nifuate."

Nyuma ya ukumbi palikuwa na mama ntilie mwenye sufuria kubwa ya maji, inachemka tayari kwa kusonga ugali. Nikaikamata. Majani ya mwarobaini yakachumwa mtini pale pale, mablanketi manne yakaazimwa kwa walinzi, na Hiza nikamfukiza kama anayetolewa homa. Alipoomba atoe kichwa apumue nilimrudisha ndani. Nikamwambia, "Nimekuuliza habari ya jasho, sijakuuliza habari ya kupumua." Akatoka amekuwa mwekundu, kocha akamvisha koti zito akamtaka aruke kamba, kisha tukamrudisha kwenye mvuke. Zilipobaki dakika tano alipanda mizani.

"Gramu mia moja zimezidi," Mhina akasema.

Hiza hakuwa na jasho lingine. Nikamwomba mama ntilie mkasi wake wa kukatia samaki. Hiza aliuona, akazishika nywele zake, kisha akaniinamishia kichwa mwenyewe. Nikazikata mpaka kwenye ngozi, nzito, zimelowa, zinanuka mwarobaini. Akapanda. Mhina akasoma, akafuta miwani, akasoma tena.

"Sitini na sita," akasema.

Kesho yake Hiza alimkaba mpinzani wake raundi ya tatu akavaa mkanda, na kichwa chake kina ngazi ngazi kama shamba lililolimwa na mlevi. Alipigana miaka minane mingine. Kila alipokuja hapa kabla ya pambano nililifunga jiko, nikala naye matango na mayai ya kuchemsha, nami nikapungua kilo kumi bila mkanda wowote. Siku aliyostaafu alikuja bila begi la mazoezi, akaketi pale pale ulipoketi wewe, Mbwana, akasema, "Shangazi, leo hakuna mizani." Nilipika tangu asubuhi. Alikula mpaka akashindwa kuinuka, na mimi nililia kwa furaha juu ya sufuria. Kitambi mnachokiona kilianza siku ile.

Sasa Mbwana anasema hadithi ni nzuri, lakini ana ombi. Anasema yule mkaguzi ni mtoto wa Mhina, na simu ya Mhina ninayo. Kwani nikimpigia nimwambie neno moja tu kuna ubaya gani?

Nimemuuliza alifeli kitu gani. Anasema alirudisha gari nyuma akagonga mapipa. Mangapi? Yote matatu.

Vitunguu vimeshamenywa, asanteni. Wewe Mbwana kesho kaazime gari la baba yako, uyapange mapipa pale uwanjani, urudi nyuma mpaka yabaki yamesimama bila kutikisika. Simu siipigi. Mizani haina shangazi.