Kijogoo cha Riziki na Chumba cha Uani

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi maana wengine ni jamaa zenu, palikuwa na mama mmoja Kivumoni akiitwa Bi Mosi. Alifuga kuchi, wale kuku warefu wenye shingo ya kiburi, na akiwapenda kuliko alivyopata kumpenda marehemu mumewe. Hilo si siri, alikuwa akilisema mwenyewe.

Uani kwake walikuwa wanawake watatu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na pa kwenda. Wa kwanza Riziki, mjane wa mwanawe, alikuwa ndani ya eda. Kaka zake walikwisha leta salamu kwamba eda ikiisha watakuja kumchukua, na mume mwingine wamempata, mzee wa kuchechemea, na Riziki hamtaki. Wa pili Hidaya, binti wa Bi Mosi wa kumzaa, ameachwa na mumewe na analala jikoni. Wa tatu Bi Somoe, jirani, ambaye paa lake liliporomoka kwa mvua za masika na hana mtoto wa kumwezekea, naye amejibanza hapo hapo jikoni. Chumba cha uani kilichokuwa wazi ni kimoja tu, chembamba, ukiingiza kitanda mlango unafunga kwa taabu. Wote watatu walikitolea macho.

Basi ngawa, yule mnyama mwizi wa kuku, akaingia bandani akamla jogoo kuchi wa pekee. Bi Mosi alilia kilio cha msiba. Akaenda kuazima jogoo kwa wenye kuchi wenziwe, wakamnyima, kwa sababu wa kwake alipokuwa hai naye aliwanyima. Kuku wakawa wanataga mayai ya kukaanga tu, na mbegu inakwisha anaiona.

Jogoo aliyebaki uani alikuwa wa Riziki, aliyekuja naye siku ya harusi. Kibete! Akisimama chini ya kuchi utadhani anajikinga mvua. Lakini moyo anao. Akijaribu kumpanda kuku, anaanguka. Anajikung'uta, anajaribu tena, anaanguka. Majirani wanachungulia juu ya ua, mbavu hawana. Bi Mosi akaona fedheha, akamwambia Riziki amlete achinjwe, afadhali supu.

Riziki akamkumbata jogoo wake. Akasema, "Mama, kisu hicho kitaanza na mimi. Nyumba hii nilikuja na sanduku na jogoo. Mwanao kafa, mtoto sikupata, kila siku naambiwa hapa sina changu. Basi huyu ni wangu, na hachinjwi."

Bi Mosi akapandwa na hasira, akaapa mbele ya majirani: yeyote atakayefanya mayai ya kuchi zake yatoe vifaranga, chumba cha uani ni chake mpaka kaburini, na hatatokea wa kumtoa. Akamtazama yule jogoo kibete, akasonya. Alikuwa anakejeli. Lakini majirani wakasema, tumesikia.

Sasa Hidaya, ambaye naye alikuwa akicheka na wanaocheka, siku moja anapepeta mchele akawaona kuku wanaoga vumbi. Na kuku akioga vumbi hujilaza. Akauacha ungo, akashika jembe. Akachimba shimo, akalijaza majivu na vumbi laini. Kuchi wakaingia, wakajilaza, migongo yao ikawa sawa na ardhi. Jogoo wa Riziki akaja ukingoni, akatazama chini, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Yaliyofuata sisemi, watoto wapo. Mvua ikilifukia shimo, Hidaya analichimba upya. Viganja vikamtoka malengelenge na hakuacha.

Mayai yenye mbegu yakapatikana. Lakini kuchi ni mzito, akilalia anavunja. Hapo ndipo Bi Somoe alipoingia. Alikuwa na kuku wake mdogo, koo mlezi hodari, analalia mayai yaliyokaribia kabisa kuanguliwa, ukiliweka yai sikioni unasikia kifaranga kinagonga. Vifaranga hivyo alikuwa avikuze, abadilishane na makuti, aezeke paa lake. Lakini vikitoka, koo angeondoka kwenda kuvilea, na mayai ya kuchi yangeoza. Bi Somoe akayatoa mayai yake, akayazika, akaweka ya kuchi. Alilia, na nani asingelia?

Vifaranga vikatoka. Vikakua vifupi kuliko mama, virefu kuliko baba, shingo ya kuchi na ubishi wa kibete.

Eda ikaisha. Kaka zake Riziki wakaja, wakaketi barazani, wanamngoja dada yao. Bi Mosi akaanza kugeuza maneno, ati hawa ni machotara, si kuchi. Riziki akamjibu, "Mama, uliapia vifaranga. Urefu hukuutaja." Majirani wakasema kweli. Bi Mosi akatoa ufunguo, akauliza ampe nani.

Riziki akasema, "Mimi nilisimama mbele ya kisu. Bila jogoo wangu, lile shimo lingekuwa la kutupia takataka."

Hidaya akasema, "Wifi, ulimtetea jogoo kwa uchungu wako, vifaranga hukuviwaza. Nani hakumwona akianguka? Bila shimo langu, mpaka leo angekuwa anaanguka."

Bi Somoe akasema, "Jogoo bado unaye, Riziki. Jembe bado unalo, Hidaya. Mimi yangu niliyazika yakiwa hai. Bila koo wangu, mngekula mayai yaliyovunjika."

Riziki akaburuta sanduku lake, akaliweka kizingitini, akalikalia. Akasema kwa sauti ya kufika barazani, "Kwa mzee yule siendi. Chumba akipewa mwingine, mje mnibebe." Hidaya akatandika mkeka wake palepale. Bi Somoe naye akaketi, na hakuna aliyempisha mwenziwe.

Haya, nanyi mnaocheka, nijibuni. Msiniambie wakae wote, chumba nimewaelezeni. Msiniambie apewe mwenye shida zaidi, maana Bi Mosi hakuapia shida, aliapia vifaranga. Na msiniambie mtapiga kura, kura ni ya waoga. Kaka zake Riziki wamekwisha simama, na Bi Mosi anawatazama ninyi. Je, nani alistahili kupewa ufunguo ule, na hao wawili mtawaambia nini?