Ufunguo wa Chumba cha Mnarani

Hadithi ninayo, ila mwisho wake nitawaachieni ninyi, maana mimi umenishinda.

Chuo cha Ualimu cha Kwekiluzi, kule milima ya Usambara, kina jumba la mawe alilolijenga mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa aliyeyakumbuka makanisa ya kwao. Lina mnara, na madirisha yake yamechongoka juu kama viganja viwili vilivyokutanishwa. Dirisha kubwa kuliko yote, lile la juu ya ngazi, lilikuwa la vioo vya rangi. Asubuhi ya mahafali kila mhitimu alisimama kwenye ngazi zile akapigwa picha, rangi zikimwangukia usoni. Asiyesimama pale tulimhesabu hajamaliza chuo.

Watu watatu walilipenda jumba lile. Bi Hoza, mlezi wa mabweni, hakujua kutupa kitu. Shekimweri, fundi wa mawe, hakujua kuacha kazi njiani. Mwalimu Ngoda wa sanaa hakujua kusahau alichokiona. Kila jioni walikunywa chai pamoja, sahani moja ya mihogo katikati yao.

Basi tao la dirisha likapasuka. Mkuu wa chuo akaamuru vioo ving'olewe, tundu lizibwe kwa matofali. Miaka ikapita, akataka jumba lote livunjwe lijengwe bweni. Wakaguzi wa majengo ya kale wakaja, wakasema, "Dirisha likirudi kama lilivyokuwa, jumba libaki. Lisiporudi, vunjeni."

Bi Hoza akavuta sanduku uvunguni. Vioo vyote vilikuwemo, vimeviringishwa kwenye kanga zake za harusi.

"Mlidhani nilivitupa?" akacheka.

Shekimweri akachonga tao upya, jiwe baada ya jiwe, mpaka vidole vikavimba. Ikabidi Bi Hoza ammegee ugali, maana mkono haukukunjika tena. Kesho yake akashika patasi vilevile.

Lakini vioo vilikuwa rundo tu. Mwalimu Ngoda, ambaye macho yake yalikwisha kuingia ukungu, akaviinua kimoja kimoja karibu na pua. "Hiki kushoto. Hiki chini ya kile cha kijani." Wakaguzi waliporudi na picha ya zamani, hakuna kipande kisichokuwa mahali pake.

Jumba likapona, nasi tukapiga vigelegele. Wakati huo, wote watatu walikuwa wanastaafu, nyumba za chuo wanatakiwa wazihame, na hakuna aliyekuwa na pa kwenda. Mkuu akawaita.

"Chumba cha mnarani nakitoa kwa mmoja wenu, akae mpaka mwisho wa maisha yake. Nani, mkubaliane wenyewe."

Alidhani anawapa heshima. Mimi namlaumu mpaka leo.

"Bila vioo vyangu, fundi, ungejengea tundu," alisema Bi Hoza.

"Na bila tao langu ungevilalia mpaka kufa!"

"Bila mimi je?" akauliza Mwalimu Ngoda. "Mngevibandika hovyo kama viraka."

Chai ikaisha siku hiyo. Asubuhi moja Bi Hoza akapanda ngazi, akang'oa kioo chekundu cha katikati. "Nimechukua changu," akasema. Shekimweri alipoombwa azibe pengo, akageuza uso. Mwalimu Ngoda alipoulizwa kioo kipya kiwe cha umbo gani, akajibu, "Nimesahau."

Nilisikitika kulisikia neno hilo kutoka kinywani mwake.

Sasa Bi Hoza anaishi kwa mpwa wake Korogwe, Shekimweri analala stoo ya msikiti, Mwalimu amepanga chumba nyuma ya soko. Mvua inaingia penye pengo na ngazi zimeanza kuota kuvu. Wahitimu wa mwaka huu walipigwa picha chini ya kipande cha nailoni kilichotundikwa penye pengo.

Ufunguo bado unaning'inia kwenye msumari, ofisini kwa mkuu. Je, wewe ungempa nani? Fikiri vizuri, kwa sababu ukishaamua, ni wewe utakayekwenda kuwaambia wale wawili.