Maringo ya Malkia

Hapo zamani, na sisemi zamani ya fisi kuongea, nasema zamani yangu mimi, nilipokuwa bado na meno yote, kijiji chetu huko Upareni kilikuwa na mbwa wa kujivunia. Jamani, wale mbwa! Wakibweka jioni, mlima wa pili unaitikia. Mpaka leo nikifumba macho nawasikia. Wewe pale, weka simu chini, nasimulia.

Mwenye mbwa alikuwa Mzee Mrutu. Ujanani alifanya kazi kwa Mgiriki wa shamba la mkonge, na Mgiriki alipofunga virago alimwachia mbwa wawili, dume na jike, masikio wima, migongo myeusi. Akamwambia, "Mrutu, hawa damu yao safi. Usiichanganye."

Safi! Mrutu akalishika neno hilo. Kwake safi ni safi tu: maji safi, nyumba safi, kitu kisicho na ugonjwa. Akajenga ua, akatia geti na kufuli. Watoto wa wale mbwa wakazaa wao kwa wao, kaka na dada, na wajukuu vivyo hivyo. Mbwa koko akisogea, jiwe.

Miaka ikapita, tukaona mbwa wa Mrutu wanatembea wakiyumbisha kiuno. Tukasema, aa, mbwa wa kizungu hao, wana maringo! Sisi wasichana tukawaiga njia nzima ya kisimani, tukicheka mpaka ndoo zinamwagika. Raha iliyoje! Kumbe nyonga zao zilikuwa hazikai sawasawa, na kila kizazi kilikirithisha kinachofuata. Hata kabla ya kuzeeka walianza kuburuta miguu ya nyuma. Wakaisha mmoja mmoja, akabaki Malkia, jike la mwisho.

Mke wa Mrutu, Mama Namkunda, hakuwa mtu wa kumeza maneno. Akasema, "Baba Namkunda, ulivuka mlima kuja kunioa, kwa kuwa kuoa mtu wa ukoo wenu ni mwiko. Mbona mbwa unawaoza ndugu kwa ndugu?"

"Mbwa hana ukoo, mke wangu. Ana damu safi."

"Haya. Kaa na usafi wako."

Mrutu alipokwenda msibani, mama huyo akafungua geti. Na nje alikuwapo nani, ananusanusa? Watasema! Huyo alikuwa koko wa jirani yetu Nakiete, mjane, aliyempa mbwa jina hilo makusudi ili majirani walisikie kila akimwita. Sikio limekatika, mbavu nje, lakini mbio zake, mama wee! Ndiye aliyelinda mbuzi wa Nakiete, na mjane yule hakuwa na kingine cha kumpa riziki, ila mbuzi wale.

Malkia akazaa, wakapona watoto wawili, wamefanana kabisa, ila mmoja ana doa jeupe mguuni. Maziwa ya mama hayakutoka. Nakiete akaja kila asubuhi na maziwa ya mbuzi, akawanywesha kwa kitambaa. Malkia akafa, na Mrutu akalia mbele za watu bila kujificha.

Watoto walipobadilisha meno, mmoja alikimbia hata macho hayamfuati. Tukamwita Radi. Yule wa doa jeupe alikimbia kwa kuruka, miguu ya nyuma yote pamoja, kama sungura. Tukamwita Kasungura. Safari hii hakuna aliyecheka.

Kisha chui akamuua Watasema, na zizi la Nakiete likaanza kupungua. Akaja na kamba mkononi, akamfunga Radi shingoni.

"Baba Namkunda, Radi ni wangu. Miguu ile ni ya Watasema wangu, uliyempiga mawe. Na maziwa ni ya mbuzi wangu. Bila mbwa, mbuzi wataisha, nami nitaishi kwa kitu gani?"

Mrutu akashika kamba. "Radi ni wangu. Mama yake, bibi yake, wote niliwalisha mimi, niliwazika mimi. Ujana wangu wote uko kwa mbwa hawa. Nikimkosa huyu, nimebaki na nini?"

Mama Namkunda naye akashika. "Radi ni wangu. Nisingefungua geti, mngegombania kaburi. Nampeleka kwa kaka yangu ng'ambo ya mlima, akazae na wageni. Akibaki hapa, mume wangu atamfungia tena."

Wakavutana, mikono mitatu, kamba moja. Radi akakataa kwenda popote. Aligeuka nyuma, akalia, mpaka Kasungura alipofika akijiburuta, akajilaza chini ya tumbo lake.

Kasungura naye alikuwa na kamba shingoni. Ilikuwa inaburuzika mavumbini, hakuna aliyeinama kuiokota.

Sasa semeni ninyi, msinitazame mimi. Je, kati ya aliyelisha, aliyefungua na aliyenywesha, nani alistahili Radi? Na Kasungura je, alikuwa wa nani?