Mtaa Uliogeuka

Methali hii wengi huikata katikati. Husema "mtafutaji hachoki" kisha wakanyamaza, kana kwamba aliyeitunga alikuwa akimsifu punda. Nusu inayobaki ndiyo yenye utamu: "akichoka keshapata." Maana yake ni kwamba anayetafuta kwa moyo wote huwa amekikaribia anachokitafuta bila kujijua, na siku uchovu unapomwangusha, humwangusha juu ya kitu chenyewe. Asiyesadiki na asikilize habari za mwalimu mmoja wa udereva, kitinda mimba wa nyumba yao, aliyeutafuta mlango mmoja mjini hadi soli za viatu vyake zikalika.

Mwalimu huyu hakuwa na haya ya kujisifu. Kutwa alikaa ubavuni mwa wanafunzi wake ndani ya gari la mafunzo akiamuru, "Kushoto. Nimesema kushoto, huo ni mkono wa kula." Aliijua mitaa ya katikati ya mji kama mifuko ya koti lake, na aliyebisha alipakiwa garini akaonyeshwa. Basi ulipopatikana mkebe wa filamu katika kabati la marehemu baba yao, hakuna aliyeuliza ni nani angeitambua mitaa iliyomo. Alikuwa amekwisha kujiteua.

Filamu yenyewe baba aliipiga kwa kamera ya mkononi, kabla mwalimu hajazaliwa. Mtu wa studio aliihamishia kwenye flashi, na familia ikakusanyika sebuleni kwa mama kuitazama kwenye televisheni. Haikuwa na sauti. Rangi zilikuwa zimepauka, na maandishi ya madukani yaligubikwa na ukungu hata herufi moja haikusomeka. Lakini mnara wa saa, uliosimama katikati ya mji mpaka leo, ulionekana vizuri. Chini yake alipita mama, kijana mbichi, amemshika mkono mtoto wa kiume aliyekuwa akilamba koni ya aiskrimu. Wakaupa mnara mgongo, wakakata kona ya kwanza kushoto, wakafika kwenye mlango wenye ngazi tatu na dirisha la nusu duara juu yake. Mama akageuka, akacheka, na picha ikaishia hapo. Kwa kuwa ilikuwa siku ya mapumziko, njia ilikuwa nyeupe. Gari moja tu lilipita, tena upande usio wake.

"Huyo angerudia somo la kwanza," mwalimu akahukumu, na wote wakacheka.

Mama alikuwa amesogea mpaka ukingoni mwa kiti. "Hapo ndipo tulipoanzia maisha mimi na baba yenu," alisema. "Chumba kimoja, ghorofani. Ukiipa saa mgongo, kona ya kwanza mkono wa kulia. Siku hiyo tulirudi saa tatu kamili asubuhi. Niliitazama saa ya mnarani kwa sababu nilikuwa nimeacha sufuria jikoni."

Dada mkubwa, ambaye alikuwa muuguzi na alizoea kusema jambo mara moja likatendeka, alikohoa kidogo. Yeye wakati ule alikuwa akilelewa kwa bibi, kwa hiyo nyumba hiyo hakuwahi kuikanyaga. "Mama, kwenye picha mmekata kushoto," alisema. "Na saa inaonyesha saa tisa."

Wakairudisha picha nyuma. Uso wa saa haukuwa na tarakimu, ulikuwa na vistari tu, lakini mishale haikuacha shaka: saa tisa kamili. Macho yote yakamgeukia mama. Kila mmoja alijua kosa hilo lilikuwa na uzito gani. Siku chache zilizopita mama alikuwa ameunguza sufuria mpaka majirani wakagonga mlango kwa sababu ya moshi, na tangu hapo dada mkubwa alikuwa akisema mama afunge nyumba, ahamie kwake, kwani kumbukumbu zake zimeanza kumtoroka.

"Si aibu, mama," alisema kwa upole. "Uzee hauna dawa."

Mama hakuwa mtu wa kutafuniwa maneno. "Haya," alisema. "Nitafutieni mlango huo. Mkiukuta mahali nilipotaja, nabaki kwangu na funguo zangu. Msipoukuta hapo, nitafungasha mizigo bila kununa."

Kesho yake mwalimu alimpakia mama garini, wakaenda mjini. Mama hakubabaika hata kidogo. Aliipa saa mgongo, akakata kona ya kwanza kulia, akapita duka la vitambaa na kusimama mbele ya mlango wenye ngazi tatu na dirisha la nusu duara.

"Hapa," alisema.

Mwalimu akainua simu yake, ambamo alikuwa ameiweka picha ya mlango kutoka kwenye filamu. Katika picha, chuma cha kushikia ngazini kilikuwa upande wa kushoto. Hapa kilikuwa kulia. Katika picha, jengo refu la jirani lilikuwa kulia; hapa lilikuwa kushoto. Alitazama simu, akatazama ukuta, akatazama simu tena.

"Panafanana, mama, lakini si hapa. Zamani nyumba nyingi zilijengwa kwa ramani moja."

Mama alikuwa amekishika kile chuma. "Mwanangu, nimekishika chuma hiki nikipanda ngazi na mimba ya kaka yako."

"Picha haizeeki, mama."

Ulimi hauna mfupa. Neno lilikuwa limekwisha kutoka mwalimu alipolijutia. Mama aliuondoa mkono wake kwenye chuma polepole, akashuka, akaingia garini. Walipokaribia nyumbani akauliza, kama anayejiuliza mwenyewe, "Au kweli nimeanza kuota mchana?" Swali hilo lilimchoma mwalimu kuliko lawama yoyote.

Kuanzia hapo hakutulia. Alikuwa na hakika mlango upo, na kwamba hata ukiwa mtaa mwingine mama angejua hakuuota; na alikuwa na hakika zaidi kwamba hakuna wa kuupata ila yeye. Kila alipomaliza masomo aliliegesha gari na kuingia mitaani kwa miguu. Kona ya kwanza kushoto ya mnara kulikuwa na ukuta mrefu wa posta, hauna mlango hata wa paka. Akajaribu kona ya pili, kisha ile ya nyuma ya soko, kisha mitaa ambayo haikuwa na mnara wala kivuli chake. Aliwaonyesha picha vinyozi, walinzi na wauza magazeti. Kila aliyeutambua mlango alimrudisha palepale: kona ya kwanza, mkono wa kulia, baada ya duka la vitambaa.

"Huo nimeshauona," alijibu. "Sio wenyewe."

"Basi unatafuta pacha wake," kinyozi mmoja alimwambia, akaendelea kunyoa.

Siku zikayoyoma. Dada mkubwa alitandika kitanda kipya katika chumba alichomtengea mama nyumbani kwake, akatundika mapazia, akapanga siku ya kuhama. Alifanya hivyo kwa upendo, na hilo ndilo lililofanya iwe vigumu kumpinga. Mama alianza kufunga vikombe vyake kwa magazeti, kimoja kimoja, bila kununa, kama alivyoahidi.

Siku ya kuhama mwalimu aliingia sebuleni jua likiwa bado kali, vumbi hadi magotini. Maboksi yalikuwa yamepangwa ukutani. Kaka yake, fundi bomba ambaye tangu utotoni hakuna aliyemwita jina jingine ila Mashoto, alikuwa anafungua skrubu za rafu ya televisheni. Mwalimu alijitupa kwenye kochi, akavua viatu.

"Nimechoka," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kusikika kinywani mwake, na dada mkubwa aligeuka kumtazama. "Kuta zote za mji huu nimezitazama. Usiifungue hiyo kwanza, kaka. Niwekee filamu nimwone mama anavyocheka, basi."

Mashoto akaiwasha. Safari hii mwalimu hakutazama madirisha, wala nguzo, wala kona. Hakuwa na nguvu hiyo. Alitazama watu tu: mama na kiuno chake chembamba, na yule mtoto mnene aliyejipaka aiskrimu mpaka kidevuni. Akatabasamu. Kisha akakaa wima.

"Kaka, huyo mtoto si ni wewe?"

"Ni nani mwingine mwenye mashavu hayo?"

"Koni umeishika kwa mkono gani?"

"Wa kulia," alisema Mashoto, na bisibisi ikasimama hewani, katika mkono wake wa kushoto. Akaitazama kama aliyekabidhiwa na mtu mwingine. "Mimi? Mkono wa kulia? Darasa la kwanza nilichapwa kwa huu wa kushoto na sikuuacha. Hata salamu nakosea mpaka leo."

Familia nzima ilikuwa imeitazama filamu ile, ikamtambua Mashoto, ikamtania kwa mashavu yake, na hakuna hata mmoja aliyeutazama mkono uliompa jina.

Mwalimu alikimbia pekupeku chumbani kwa mama, akarudi amekumbatia kioo cha kujitazamia. Akakisimamisha mbele ya televisheni. "Msitazame picha," alisema. "Tazameni kioo."

Wakatazama. Kiooni, mtoto alilamba koni kwa mkono wa kushoto. Gari likapita upande wake kwa adabu zote. Mama akaupa mnara mgongo, akakata kona ya kwanza kulia. Na juu ya mnara mishale ilionyesha saa tatu kamili.

Dada mkubwa alijiziba mdomo kwa kiganja. Mashoto akampigia simu mtu wa studio, naye aliposikia habari hiyo akaguna. Filamu ni utepe unaopitisha mwanga, alieleza; ukiulaza kifudifudi badala ya chali, picha hutoka safi vilevile, ila kulia huwa kushoto. Aliomba radhi, akaahidi kuihamisha upya.

Mwalimu alipiga magoti mbele ya kiti cha mama. "Nilisimama mbele ya mlango wenyewe nikaukana, na wewe nikakukana. Nisamehe, mama."

"Picha haizeeki," mama alisema, "ila na yenyewe hulalia ubavu mbaya." Akamshika kichwa. "Nawe ndiye unayewafundisha watu kushoto na kulia. Mungu awalinde barabarani."

Dada mkubwa alicheka huku machozi yanamtoka. "Lakini sufuria, mama. Sufuria uliiunguza kweli."

"Sufuria nimeziunguza tangu nyumba ya ngazi tatu. Unadhani siku ile niliitazama saa kwa nini? Baba yenu alizisugua mpaka zikatoboka. Kama huo ndio uzee, basi niliolewa kizee."

Dada mkubwa aliinama, akafungua boksi la kwanza, akaanza kuvitoa vikombe kwenye magazeti na kuvirudisha kabatini. Mashoto akazirudisha skrubu za rafu, kwa mkono wake uleule.

Siku ya mapumziko iliyofuata wote walikwenda mjini. Mama alikishika chuma kilichokuwa upande wa kulia, akapanda ngazi tatu, akageuka, akacheka, na mwalimu akampiga picha ya video kwa simu. Wakati wote alipokuwa na nguvu alikuwa akitafuta kuta. Nguvu zilipomwishia akawatazama watu wake, na mlango ulikuwa kwao. Kweli, mtafutaji hachoki, akichoka keshapata.